Mjomba anasema ni kama kwenda Deep Sea kununua ng'ombe

Swali limetoka kwa binti wa Makorora, hapa hapa Tanga mjini, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza fomu siksi, EGM, hesabu nina B, jografia B, uchumi C. Hesabu naziweza ila moyo wangu upo kwenye historia na mashairi. Marehemu babu aliacha sanduku la karatasi za tenzi kwa herufi za kiarabu, nyumbani hakuna anayezisoma vizuri, na mimi nina ndoto siku moja kompyuta izisome. Nimesikia vyuo vya teknolojia kama MIT ya Marekani mtu anaweza kusoma historia au lugha hukohuko. Mjomba anasema kwenda chuo cha teknolojia kusoma historia ni kama kwenda Deep Sea kununua ng'ombe. Je kuna ukweli? Na kwa hapa nyumbani nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Mjomba wako kanichekesha mpaka kahawa imenipalia. Kwa wasiotoka Tanga niseme tu Deep Sea ndo soko letu la samaki, boti zinashusha pale alfajiri, ng'ombe humwoni labda awe anapita njia. Kwaiyo kwa hesabu ya harakaharaka mjomba yuko sahihi. Ila mwambie siku moja aende pale saa moja asubuhi atizame nani anagombewa. Si mwenye samaki, samaki kila mtu anao. Anagombewa mama wa chai na vitumbua, manake pale pote chai anayo yeye na wenzie wawili tu.

Jibu langu ndo hilo. Mengine yote ntakayoandika ni kukuonyesha kwamba yule mama naye kaamka saa tisa usiku, na anakanyaga maji ya samaki kama wengine wote, sehemu hiyo ndo watu hawakwambii.

Mimi nimefundisha isimu, yaani elimu ya lugha, na stadi za mawasiliano miaka 22 kwenye chuo kimoja cha ufundi, jina nalisitiri, sasa nimestaafu nipo kwangu Chumbageni nafuga kuku. Ofisi yetu sisi wa arts ilikuwa zamani stoo ya karakana ya kuchomelea, ukivuta droo unakutana na vijiti vya weldingi, na kipindi chetu kila mwaka kilikuwa kinaangukia Ijumaa saa tisa alasiri, wakati macho ya vijana yapo getini. Bosi mmoja alishanambia usoni, mwalimu somo lako ni la kupumzishia ubongo. Sikumjibu, nikaenda kusahihisha ripoti za vijana wake ambazo hata yeye alikuwa hazielewi. Nakueleza haya ujue siongei kama mtu anayeuza chuo, upande mbovu wa hii biashara nimeukalia mwenyewe.

Sasa tuanze kwa kutenganisha vitu viwili manake watu wanavichanganya. Kuna masomo ya arts, wenyewe vitabuni wanaita insia, kama somo la kusindikiza, yaani injinia anapewa kozi moja mbili ajue kuandika barua na kusimama mbele za watu. Hiyo ipo karibu kila mahali. Alafu kuna insia kama fani kamili, ina maprofesa wake, ina maktaba yake, na unatoka na digrii yake, ila imekaa katikati ya maabara. Hiyo ya pili ndo unayoulizia na hiyo si kila mahali ipo.

MIT ipo. Chuo kile kimeanzishwa 1861, kipo Cambridge jimbo la Massachusetts, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Kila mwanafunzi wa digrii ya kwanza pale, awe anasomea roketi, awe anasomea kompyuta, lazima achukue masomo yasiyopungua 8 ya insia, sanaa na sayansi za jamii, wanafupisha HASS, na ndani ya hayo lazima achague eneo moja alichimbe kwa masomo 3 au 4. Manane mwanangu, yaani ukiyatandaza ni moja kila muhula kwa miaka yote minne. Ule utaratibu wetu wa Ijumaa saa tisa haupo hapo. Na ukitaka zaidi unachukua digrii yenyewe, historia, fasihi, falsafa, isimu, muziki, anthropolojia. Fani pale wanaziita kwa namba, uhandisi wa umeme na kompyuta ni 6, historia 21H, fasihi 21L, isimu na falsafa 24, ukisema we ni wa 24 watu wameshakuelewa. Kuna mpaka digrii za mchanganyiko, 21E insia na uhandisi, 21S insia na sayansi, kama vile walikuwa wanamfikiria mtu wa EGM mwenye sanduku la babu. Na kingine kizuri, wakati wa kuomba huombi fani, unaomba chuo, fani unaitangaza ukishamaliza mwaka wa kwanza.

Sasa mjomba atauliza, wanayafuga hayo ya nini pale? Nimweleze kisa kimoja, nakipenda sana. MIT palikuwa na jengo la mbao linaitwa Building 20, lilijengwa 1943 haraka haraka wakati wa vita kwa ajili ya utafiti wa rada, ilikuwa libomolewe vita vikiisha, likasahaulika likakaa mpaka 1998. Na kwa vile lilikuwa baya hakuna mkubwa aliyelitaka, wakatupiwa watu wasio na pa kukaa, na kati yao wakawemo watu wa lugha. Noam Chomsky, mtu wa isimu, aliajiriwa MIT mwaka 1955 na aliwekwa kwenye maabara ya elektroniki, kwenye mradi wa kutafsiri kwa mashine ambao hata mwenyewe alikuwa hauamini. Mle ndani, yeye na mwanaisimu mwenzie Morris Halle na wenzao, ndo isimu ya pale ilikozaliwa. Na mwaka 1956 akaandika juu ya ngazi za sarufi, ipi ina nguvu kuliko ipi, akiwa anawaza lugha za watu, baadae watu wa kompyuta wakaichukua wakajengea zile programu zinazosoma kodi yako, yale maagizo unayoiandikia kompyuta, zikaikubali au zikakutupia makosa. Leo kijana yeyote wa kompyuta hapa nchini anafundishwa ile ngazi ya Chomsky darasani na nusu yao hawajui kwamba ni kitu cha mtu wa sarufi, aliyekuwa anakaa kwenye jengo bovu. Kwaiyo na mimi na stoo yangu ya weldingi nilikuwa najifariji hivohivo, ila mimi sikutoa kitu.

Hukohuko MIT mwaka 1966 Joseph Weizenbaum alitengeneza ELIZA, programu ya kuchati inayojifanya kama mshauri wa kisaikolojia, ujanja wake ulikuwa mdogo tu, inachukua maneno yako inakurudishia kama swali. Karani wake, ambae alimwona anaitengeneza miezi na miezi, alivoijaribu akamwomba Weizenbaum atoke nje ya chumba wabaki wawili. Yule bwana alishtuka, maisha yake yaliyobaki akawa anauliza maswali ya kibinadamu zaidi kuliko ya kompyuta. Leo sote tunachati na mashine, na maswali ni yaleyale.

Haya, tuje kwenye maji ya samaki.

Ukiingia MIT kusoma historia hukwepi sayansi hata kidogo. Kuna masomo 6 ya sayansi ya lazima kwa kila mtu: kalkulasi 2, fizikia 2, kemia 1, biolojia 1. Hiyo ya hesabu sina wasi na wewe, B ya Advanced Math si mchezo, intigresheni umeshazigusa. Fizikia ndo itakayokutafuta. EGM haina fizikia, ya mwisho uliisoma fomu foo na sijui ulitoka na nini, na fizikia yao ya kwanza inaanza moja kwa moja na kalkulasi ndani, umekaa na mtoto wa Korea au wa Bulgaria kafanya mashindano ya fizikia tangu ana miaka kumi na tatu. Kuna ahueni moja, muhula wa kwanza hawaandiki alama, ukifaulu wanaandika umefaulu, ukifeli haiandikwi kitu kwenye rekodi yako. Wanajua watu wanaingia na mizigo tofauti. Lakini muhula ni mmoja tu, wa pili alama zinaanza kuonekana.

Kwaiyo kabla hujaomba chochote, kabla mjomba hajatoa hata senti, jipime. MIT mwaka 2001 walitangaza wataweka masomo yao bure kwenye intaneti, inaitwa OpenCourseWare, haina usajili wala ada, ni bando lako tu. Tafuta somo namba 8.01, ndo fizikia ya mwendo na kani, alafu pembeni fungua 24.900, utangulizi wa isimu. Jipe wiki tatu, fanya maswali yenyewe kwa kalamu na daftari, usiangalie video tu ukatikisa kichwa, video inamfanya kila mtu ajione kaelewa. Na mi sikutumi uangalie umepata mangapi. Angalia saa nne usiku, watu wamelala, unarudi mwenyewe kwenye lile swali la mteremko na kamba au unalikwepa unaenda kufungua isimu. Kama unarudi hata kwa hasira, mahali pale utapaweza. Kama kila siku unakimbilia isimu basi nawe umejijua, na si aibu, ziko njia zingine ntazisema chini.

Alafu mbona nilitaka kusahau, MIT wana sharti la kuogelea! Kweli kabisa, bila kupita mtihani wa kuogelea yadi 100, ni kama mita 91 hivi, au kuchukua darasa la kuogelea, digrii hupati. Hapo mtoto wa Tanga nadhani tumetangulia, ingawa nawajua watu wa Ngamiani wamezaliwa dakika kumi kutoka baharini na maji wanayaogopa kama mapaka.

Pesa na nafasi sasa, kwa ufupi. Kati ya waombaji 100 wanaochukuliwa hawafiki 5, na kwa sisi wa nje ni wachache zaidi, kwaiyo usiweke yai lako moja kwenye kapu hilo. Ila uwezo wa kifedha hawauangalii wakati wa kuchagua, hata kwa mwanafunzi wa nje, na ukichukuliwa wanapiga hesabu familia inaweza kutoa nini, iliyobaki wanajaza wao. Vyuo vinavyofanya hivo kwa wageni Marekani ni vya kuhesabu. Ada ya kuomba ni dola 75 na wanaisamehe ukiomba usamehewe, usione haya. SAT, ule mtihani wao wa kuombea chuo, inatakiwa, na mtihani wa kiingereza angalia kwenye tovuti yao kama unakuhusu. Pale ubalozi wa Marekani Dar kuna ofisi ya EducationUSA, ushauri wao ni bure, kwaiyo mtu yeyote atakaekufuata akakwambia yeye ni wakala ana mtu wake MIT mpe milioni, mpe pole badala yake.

Georgia Tech ya Atlanta nayo ina ndaki nzima ya masomo haya, Ivan Allen College, kichekesho ni kwamba pale hata ukisoma fasihi na habari digrii yao inaandikwa ya sayansi, BSc, mjomba angefurahi. Lakini ni chuo cha serikali ya jimbo, msaada kwa mgeni ni mdogo, kwaiyo kwako sikupeleki huko.

Kwenye kuomba MIT hawataki insha moja ndefu, wanauliza maswali mafupi mafupi kadhaa. Tafadhali usiandike "tangu utotoni nimekuwa nikipenda teknolojia". Andika kitu unachokijua wewe na wao hawakijui. Na hapa nikupe mfano wa kitu chenyewe.

Kuna mwaka kijana wangu mmoja wa mwaka wa mwisho alitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wavuvi, hali ya hewa, upepo, mawimbi, kazi safi kabisa, michoro inang'aa, na maprofesa wake walishamwandalia alama. Nikamwambia kabla hujawasilisha twende Sahare ukamwonyeshe mvuvi. Tukamkuta mzee mmoja anashona jarife, akaipokea simu akaiweka mbali urefu wa mkono kama wazee wanavosoma, akasoma taratibu, "kasi ya upepo kilomita 22 kwa saa mwelekeo kaskazini mashariki". Akasema aa, kaskazi. Akaendelea kushusha kwa kidole, akashusha wee, alafu akauliza, "Bamvua lini?"

Kijana akanitizama mimi. Kazaliwa na kiswahili huyo, ila cha bara, neno bamvua hajawahi kukutana nalo. Bamvua ni zile siku maji yanajaa sana na kutoka sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kinyume chake ni maji mafu, na mvuvi wa huku anapanga nusu ya maisha yake kwa hayo mawili, lini atatega, lini atapita kwenye mwamba bila kupasua ngalawa. Mzee akauliza tena, "Na giza linaingia lini?" manake dagaa wanavuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Programu haikuwa na bamvua, haikuwa na giza, ilikuwa na kilomita kwa saa mpaka desimali. Na sasa cha ajabu, hesabu ya bamvua ni nyepesi kuliko ya upepo mara mia, mwezi unajulikana utakuwa wapi miaka hamsini ijayo! Kijana alikaa siku mbili tu akaiongeza. Hakushindwa kodi, hakuna aliyemwambia kwamba neno lipo, na katika miaka minne ya chuo hakuna somo lililomfundisha kwenda kukaa chini na mtu akamsikiliza anavyoita vitu vyake. Mimi nilikuwa na saa moja na yeye, Ijumaa.

Hiyo ndo chai mwanangu. Pale MIT au popote penye mainjinia elfu nne, mtu anayejua bamvua na anajua pia kalkulasi, anatafutwa.

Sasa sanduku la babu. Hapo ulipoandika hivo ndo nilipoamua kukujibu kwa urefu. Tenzi kwa herufi za kiarabu mwambao huu ni hazina, na Tanga hii hii alikuwepo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyetunga utenzi wa vita vya Wajerumani kuingia Mrima, yaani pwani yetu hii, kauandika kwa herufi hizohizo, vita vya akina Bushiri miaka ya 1888 na 1889, na leo ni ushahidi wa historia kutoka upande wa waliovamiwa. Karatasi za babu sijui zina nini, huenda ni nakala ya kitu kinachojulikana, huenda ni dua, huenda ni madeni ya duka. Hata madeni ya duka ni historia.

Lakini kompyuta kuzisoma, hapo pana kazi na nikuonyeshe kwa nini. Herufi ya kiarabu haina p. Waandishi wa zamani walitumia b hiyohiyo kwa b, kwa p na kwa mb. Kwaiyo neno moja lililoandikwa unaweza kulisoma "bata", "pata" au "mbata". Zote silabi mbili, kwaiyo mizani 8, yaani silabi 8 za kila mstari wa utenzi, hazikusaidii kuchagua. Kitu kinachokusaidia ni kujua shairi linaongelea nini, kama mtu yupo shambani kwenye minazi basi ni mbata, nazi kavu, na mtoto wa mjini aliyekulia soda anaweza asijue mbata ni nini kabisa akaandika bata. Alafu irabu nazo, kiarabu kina irabu fupi tatu, sisi tuna tano, kwaiyo e na i zinavaa nguo moja, o na u nguo moja. Unaona? Mashine inaweza kufundishwa kuona umbo la herufi, hiyo ni kazi ya injinia na inafanyika. Kuchagua kati ya bata na mbata ni kazi ya mtu aliyesoma tenzi mpaka zimemwingia, anajua vina vya ubeti na kile kina cha mwisho kinachorudi utenzi mzima, anajua kimrima na kimtang'ata cha watu wa Tongoni. Na akikaa mtu mmoja mwenye vyote viwili, huyo atafanya kazi ambayo timu ya watu kumi waliogawana hawataifanya, mi naamini hivo.

Na si herufi za zamani tu. Chukua neno letu moja la kawaida, "asingelimwambia". Mle kuna nani, kuna kukanusha, kuna sharti lisilotimia, kuna aliyeambiwa, kuna kitenzi chenyewe, sentensi nzima imekunjwa kama khanga kwenye sanduku. Ukitaka kutengeneza kisahihishi cha kiswahili kwa kuorodhesha maneno utaorodhesha mpaka ufe, kitenzi kimoja kina maumbo maelfu kwa maelfu. Ndo maana simu inakuwekea mstari mwekundu chini ya neno sahihi kabisa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alilishughulikia hili tangu miaka ya 1980, kwa kuifundisha kompyuta mofolojia ya kiswahili, yaani maneno yanavyojengwa, Ufini huko kwenye barafu! Na sasa hivi kuna jumuiya ya watafiti wa kiafrika inaitwa Masakhane, wanafanya kazi za lugha zetu na kompyuta, hawakuulizi digrii ndo uingie. Mozilla nao wana Common Voice, unasoma sentensi za kiswahili kwa sauti yako zinaingia kwenye hazina ya wazi. Hivi unaweza kuanza wiki hii ukiwa Makorora, huhitaji visa.

Kwa hapa nyumbani sasa, manake nusu ya swali lako ndo hiyo. Vyuo vyetu vya teknolojia, insia kwa sehemu kubwa bado ni ya kusindikiza. MUST ya Mbeya wana ndaki ya insia na biashara, ila ukifungua kitabu cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, utaona uzito upo kwenye biashara. Nelson Mandela ya Arusha nao wana skuli yenye jina la biashara na insia lakini pale ni uzamili na uzamivu, hawachukui fomu siksi. IIT Madras ya India ilifungua tawi Zanzibar 2023, hapo jirani kabisa, wanafundisha sayansi ya data na akili mnemba, na chuo mama kule India kina idara kubwa ya insia, ila kwa Zanzibar usitegemee digrii ya historia.

Kwaiyo ningekuwa wewe, na hapa ni maoni yangu mwenyewe wenzangu wengine watanipinga, ningegeuza swali. Badala ya kutafuta historia ndani ya chuo cha teknolojia, nenda chuo kikubwa chenye vyote viwili ujishonee mwenyewe. UDSM wana TATAKI, taasisi ya taaluma za kiswahili, iliundwa 2009 lakini mizizi yake ni ile kamati ya lugha ya 1930, na chuo hichohicho kina ndaki yake ya kompyuta Kijitonyama. Kwa B ya hesabu unaweza kuomba kompyuta au takwimu, angalia vigezo kwenye kitabu cha TCU cha mwaka wako usitegemee ya jirani, na ukishaingia uwe unajipenyeza kwenye semina za watu wa fasihi, hawafukuzi mtu, wao wenyewe wanatafuta watu. Kwa nini nasema kompyuta au takwimu iwe digrii na tenzi ziwe pembeni na si kinyume? Kwa sababu tenzi utazisoma hata bila kulazimishwa, umeshaanza. Lakini takwimu hakuna anayezisoma usiku kwa mapenzi, zile zinahitaji mtu wa kukushika sikio. Na mkopo pia, fani za sayansi mara nyingi mambo yake huwa mepesi kidogo, sitaki kukuficha.

Na wakati huohuo omba MIT. Vyote viwili. Wakikataa umepoteza wiki chache za kuandika na umejifunza fizikia.

Mjomba akiuliza tena "historia utakula nini", usimjibu kwa ukali, anakuhofia. Muulize tu lile bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, linalokuja kuishia Chongoleani, lilipopita kwenye makaburi ya watu na mizimu na mashamba ya urithi yenye wagombea saba, nani alikuwa anakaa na wazee kuwaelewa, mchomeleaji?

Sasa lile sanduku, kabla hujafanya chochote kingine. Usilianike juani hata kama karatasi zina unyevu, zitandaze kivulini penye hewa. Usibandike selotepu popote, baada ya miaka michache inageuka kahawia na inaondoka na wino. Usizipange upya, ziache kwa mpangilio babu alioziacha, mpangilio nao ni habari, weka namba ndogo kwa penseli laini kwenye kona. Piga picha mchana karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe juu ya karatasi sawasawa isilale upande, kila ukurasa picha mbili, na uweke rula pembeni ionyeshe ukubwa. Nakala ya picha mpe mtu wa pili nyumbani, simu zinaibiwa. Alafu ukurasa wa kwanza tu, huo mmoja, upeleke kwa shehe au maalimu yeyote mtu mzima hapo Ngamiani anayesoma herufi hizo, mwombe akusomee kwa sauti huku unamrekodi, na akisita kwenye neno usimsaidie, andika dakika aliyosita.